Taa za LED zinacheza nikipunguza mwanga: kosa ni la dima, la taa au la umeme wenyewe?

#1 Mkwaju
Wakuu, naomba msaada. Sebuleni nimepiga jipsam na kuweka taa nane za LED za kuzama darini, kila moja wati 7, zote kwenye swichi moja. Baadaye nikatoa swichi nikafunga dima ya kuzungusha (kipunguza mwanga cha ukutani), ile iliyoandikwa wati 600. Nikiiacha mwisho kabisa taa ziko safi. Nikishusha hadi kama nusu zinaanza kucheza na dima inanung'unika ukutani. Nikishusha zaidi, mbili zinazima na sita zinabaki.

Fundi anasema umeme wa mtaa wetu haujatulia. Mwenye duka anasema dima ni nzima, taa ndizo mbovu. Taa ni mpya. Nani anasema kweli? Na jambo jingine: umeme ukikatika tukahamia kwenye inveta, zinapepesa hata zikiwa mwisho.

#2 Waya Mwekundu
Dima yako inasubiri mzigo ambao haupo. Wati 600 ni kipimo cha globu za zamani za waya. Igeuze uangalie mgongoni, nyingi zimeandikwa kiwango cha chini pia, wati 40 au 60. Nane mara 7 ni 56. Uko mpakani.

Ndani kuna kipande kinaitwa trayaki. Hicho kikishafunguka hubaki wazi kwa sharti moja: mkondo unaopita usishuke chini ya kiwango fulani. Globu inavuta mkondo mfululizo kwa hiyo kinatulia. LED inavuta kidogo na kwa vipindi, kinajifunga katikati ya safari, kinafunguka tena, kinajifunga. Huko ndiko kucheza unakokuona.

#3 Bi Mkubwa wa Mbagala
Kabla ya kulaumu dima tuambie boksi la taa limeandikwaje. Taa ya LED isiyotengenezwa kwa kupunguzwa mwanga haitapungua hata ukiinunulia dima ya bei gani. Nyingine zina alama ya duara la dima lililokatwa mstari. Watu hawasomi boksi, wanasoma bei.

#4 Mkwaju
Maboksi yalishatupwa. Nimeshusha moja nikaangalia. Taa ina kisanduku cheupe pembeni, kimeandikwa: kuingia AC 85–265V, kutoka DC 15–26V, 300mA. Neno lolote la dima halipo.

#5 Injinia wa Pembeni
Hapo umetoa jibu mwenyewe, mkuu. Hicho kisanduku ni draiva. LED haiendeshwi kwa voti, inaendeshwa kwa mkondo, na kazi ya draiva yako ni kuhakikisha mkondo ni miliampia 300 wakati wote. Hilo andiko la 85–265V maana yake imejengwa ipuuze mabadiliko ya umeme. Ukileta 230 inatoa 300mA. Ukileta 120 inatoa 300mA ile ile, inavuta zaidi tu upande wa kuingilia.

Sasa wewe unafunga dima, kazi ya dima ni kukata sehemu ya wimbi la umeme (umeme wa ukutani hupanda na kushuka kama wimbi). Draiva inaona pengo, inajitahidi kulifidia. Dima inakata, draiva inafidia, mpaka draiva inaishiwa pumzi, inazima, inajiwasha upya. Hao wawili wanavutana na wewe unaona matokeo darini.

Draiva inayokubali dima ina sehemu ya ziada inayosoma wimbi limekatwa kiasi gani na kushusha mkondo kwa kufuata hilo. Ni kifaa kingine kabisa ingawa kisanduku kinafanana.

#6 Mtu wa Kihonda
Msimtupe fundi wake haraka hivyo. Mimi niko Morogoro, jirani ana karakana ya kuchomelea vyuma. Akigusa elektrodi, taa za nyumba zote za laini yetu zinacheza, na mimi sina dima hata moja. Umeme unaweza kuwa chanzo kweli. Mkwaju, hebu angalia kama zinacheza saa moja jioni kuliko saa nane usiku.

#7 Injinia wa Pembeni
@Mtu wa Kihonda hizo taa zako kuna uwezekano mkubwa ni zile zisizo na draiva ya maana, ndani zina kapasita (kihifadhi chaji) na daraja la dayodi (la kunyoosha umeme uende upande mmoja) basi. Hizo hufuata umeme unavyopanda na kushuka. Za Mkwaju ni 85–265V, mchomeleaji hawezi kuishusha laini hadi 80 na friji za watu zikabaki salama. Na zikiwa mwisho zimetulia. Umeme ungekuwa mkosaji, zingecheza kote.

#8 Mtu wa Kihonda
Kwenye mtaa wetu nimepima kwa mita nikapata 160 jioni. Kwa hiyo usiseme haiwezekani. Dima ikikata nusu ya wimbi lililokwishalegea, kinachobaki ni kidogo kuliko kile ambacho dima ya kwenye 230 ingebakisha. Fundi anaweza kuwa sahihi nusu.

#9 Stima Safi
Nawasoma kutoka Nairobi. Huku stima ni 240 lakini shida ni ile ile. Hakuna aliyetaja kuna aina mbili za dima za ukutani. Moja inakata mwanzo wa wimbi, hiyo ya trayaki. Nyingine inakata mwisho wa wimbi, hiyo inatumia transista.

Ile ya kwanza inaacha voti zikae sifuri halafu zinaruka ghafla hadi juu, mara 100 kwa sekunde, kwa sababu wimbi la hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) lina nusu mbili. Kila kuruka, kapasita iliyo mlangoni mwa draiva inameza mkondo kwa mpigo. Hapo ndipo kelele inatoka, na dima inachoka mapema. Ile ya pili inaanza na wimbi polepole kutoka sifuri na kukata mwishoni, LED nyingi zinaipenda zaidi. Ni ghali kidogo. Kwa kawaida zimeandikwa zinafaa LED na kiwango chake cha chini ni wati 5 au hata chini ya hapo.

Na tena ile 600W usiichukulie kama ilivyo. Kwa LED wengi wetu tunahesabu sehemu ya kumi hadi ya tano tu, yaani wati 60 hadi 120, kwa sababu ya hiyo mikondo ya mpigo.

#10 Bi Mkubwa wa Mbagala
@Stima Safi nimefunga hiyo ya kukata mwisho kwa mteja, taa zake zikaendelea kucheza vile vile. Alipobadilisha taa ndipo zikatulia. Dima ya bei haiokoi draiva isiyokubali.

#11 Stima Safi
Na mimi nimewahi kuona kinyume chake: taa zimeandikwa kabisa zinakubali dima, zikagoma kwenye trayaki, zikatulia kwenye ya transista. Ndiyo maana watengenezaji wakubwa hutoa orodha ya dima walizojaribu na kila taa. Andiko la boksini pekee halitoshi.

#12 Kinyozi Sinza
Naomba niingize langu hapo hapo. Saluni nimezungushia kioo mkanda wa LED wa rangi, wa voti 12, na kontrola yake ya rimoti ya vitufe 44. Machoni mwanga uko poa kabisa. Nikirekodi video ya mteja kwa simu inatokea mistari myeusi inayopanda. Kontrola ni mbovu?

#13 Injinia wa Pembeni
Ni nzima. Kontrola ya mkanda haipunguzi voti, inawasha na kuzima mkanda mara mamia kwa sekunde. Ikiwasha robo ya muda na kuzima robo tatu, wewe unaona mwanga mdogo usiokatika. Kamera ya simu haipigi picha nzima kwa mkupuo, inasoma mstari baada ya mstari, kwa hiyo mistari iliyosomwa wakati mkanda umezima inatoka myeusi.

Ujanja: rekodi ukiwa umeweka mwangaza wa juu kabisa, rangi nyeupe, maana kwenye mia kwa mia kontrola haikati. Kama ni mkali mno, funga mkanda mfupi zaidi. Au tafuta kontrola inayokata kwa kasi ya maelfu ya hezi. Kuna waraka wa IEEE (chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme) namba 1789 wa mwaka 2015 unaozungumzia madhara ya mwanga unaokatika kwa watu, na kwa hesabu yake ukivuka hezi 1,250 hatari inahesabiwa ndogo hata mwanga ukikatika wote. Kwenye hezi 100 unashauri mtikisiko wa mwanga usizidi asilimia 8.

Hili si la video tu. Kuna watu wanaumwa kichwa kwenye taa za aina hiyo na hawajui sababu. Mteja akikulalamikia, msikilize.

#14 Kinyozi Sinza
Shukrani mkuu. Nilikuwa tayari naenda kununua nyingine.

#15 Mzee wa Globu
Kwa Mkwaju kuna dawa ya siku nyingi. Toa taa moja ya LED, weka globu moja ya zamani ya wati 60 kwenye mzunguko huo huo. Dima inapata mzigo wake na zilizobaki zinatulia. Nimefanya kwenye nyumba ya kwangu.

#16 Bi Mkubwa wa Mbagala
Mzee wangu, globu ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku ni uniti 9 kwa mwezi. Zile LED zake saba zilizobaki, zote pamoja, ni wati 49. Yaani globu moja ya kutuliza dima inakula kuliko taa zenyewe! Shikamoo, lakini hapana.

#17 Mzee wa Globu
Marahaba mwanangu. Ukishusha dima globu nayo haili 60 tena, inashuka. Na kama hutaki globu, vipo vifaa vidogo vya mzigo wa uongo vinafungwa sambamba na taa, vinavuta kidogo sana. Maduka makubwa ya umeme wanavyo. Nia yangu ni kumwonyesha tatizo liko wapi kwa gharama ndogo: globu ikituliza, Waya Mwekundu ana haki. Isipotuliza, ni draiva.

#18 Waya Mwekundu
Huyu mzee anaijua kazi. Mkwaju, fanya hilo jaribio kabla ya kununua chochote.

#19 Chaupele
Kwani rigaleta ya feni haifai? Ninayo moja imekaa bure, ina hatua tano.

#20 Waya Mwekundu
Wewe Chaupele kila uzi unaleta hiyo rigaleta yako 😀 Ya hatua tano nyingi zina kapasita ndani kwa ajili ya koili ya feni. Kwa LED ya draiva, ama taa haitashtuka kabisa, ama itakuwa inawaka, inazima, inawaka. Iuze.

#21 Chaupele
Basi nitafute feni.

#22 Mlimani Toronto
Tahadhari kwa wanaotumiwa vifaa na ndugu walio Marekani na Kanada. Umeme wa huku ni voti 120 na hezi 60, dima za ukutani za huku nyingi zimepimwa kwa 120 tu. Shemeji yangu alipeleka moja Arusha, ikatoa moshi siku ya kwanza. Adapta za mikanda ya LED ni jambo jingine, nyingi ni 100–240V na hazina tatizo, lakini soma kibandiko kwanza.

#23 Jua Kali Singida
Mimi niko kwenye sola, mkanda wa voti 12 nimeufunga moja kwa moja kwenye betri. Mchana unawaka mkali sana na unachemka, usiku unapoa na kufifia wenyewe. Je, dima ya voti 12 itasaidia?

#24 Injinia wa Pembeni
Betri ya voti 12 ikiwa inachajiwa hufika 14.4. Mkanda wa 12 una vikundi vya LED tatu tatu na rezista (kipingamizi cha mkondo), ndiyo maana unakatwa kila baada ya LED tatu. LED tatu zinameza kama voti 9 na kidogo, rezista inabaki na karibu 3. Ukileta 14.4, hizo za ziada zote zinaangukia rezista, inabeba karibu 5, na mkondo unakaribia kuongezeka maradufu. Ndilo joto unaloligusa.

Dima itapunguza mwanga wa wastani lakini kila inapowasha, LED bado inapata kipigo cha 14.4. Weka kibadilisha voti kinachoshikilia 12 kamili, halafu dima ifuate baada yake.

#25 Waya Mwekundu
Au asiwashe taa mchana tu.

#26 Jua Kali Singida
Ni duka, mkuu. Ndani ni giza hata saa sita.

#27 Mja wa Forodhani
Kwa wanaojenga sasa, mnaanza na kosa lile lile: kuweka dima kwenye waya wa umeme mkubwa. Kwenye hoteli moja huku Unguja tulitenganisha kabisa. Umeme wa 230 unaingia kwenye draiva bila kukatwa, na amri inapita kwenye nyaya mbili ndogo peke yake. Njia rahisi ni ya voti 1 hadi 10: draiva yenyewe ndiyo inatoa kijimkondo kidogo, kitufe cha ukutani kinakivuta chini. Kwenye 10 mwanga wote, kwenye 1 mwanga mdogo kabisa. Haizimi, kwa hiyo swichi ya kuzima unaweka pembeni.

Ukitaka kila taa iitwe kwa namba yake kuna DALI, mfumo wa kidijitali wa kuamuru taa. Laini moja inabeba vifaa 64, nyaya mbili tu na hazina chanya wala hasi, unaweza kwenda hadi mita 300 kwa waya wa milimita za mraba 1.5. Utamu wa DALI ni mwendo wake wa kushuka. Jicho la mtu halioni sawasawa na mita: mwanga ukipimwa robo, jicho linauona kama nusu. Dima za bei ndogo zinashuka kwa mstari ulionyooka, ndiyo maana unazungusha nusu nzima huoni tofauti, halafu kipande cha mwisho giza linaingia ghafla. DALI imeshapinda hiyo hesabu.

Na kwa pwani, pesa zako weka kwenye viungio. Hewa ya chumvi inakula vile viunganishi vya kubana vya mikanda ndani ya muda mfupi, sehemu inapata kutu, mwanga unacheza, watu wanabadilisha kontrola bure. Chomea risasi, paka silikoni.

#28 Bi Mkubwa wa Mbagala
@Mja wa Forodhani hayo ni ya hoteli. Mwenzetu ana taa nane na jipsam imeshafungwa. Atapitisha wapi nyaya za amri?

#29 Mja wa Forodhani
Zipo draiva zinazopokea amri kwa redio, rimoti mkononi, hakuna waya mpya. Kisanduku kinaingia kwenye tundu lile lile la taa. Muhimu mkondo uwe 300mA na voti zake zizunguke zile 15–26 za taa yake.

#30 DJ Mwananyamala
Wakuu wa mikanda: ukumbi wangu nimefunga mikanda minne ya mita tano tano, rangi, 12V, kontrola moja na adapta ya ampia 10. Mwanzoni nyeupe, mwishoni inakuwa nyekundu nyekundu. Nibadilishe kontrola?

#31 Mja wa Forodhani
Fanya hesabu kwanza. Kama ni zile za LED kubwa 60 kwa mita, ni wati 14.4 kwa mita, mita tano ni 72, ampia 6. Minne ni ampia 24. Adapta ya 10 inalia. Kontrola ndogo nyingi ni ampia 6 jumla, 2 kwa kila rangi. Nunua adapta ya kutosha na akiba ya asilimia 20, na vikuza ishara kila baada ya mkanda mmoja, kila kimoja na umeme wake.

Wekundu wa mwishoni ni voti kupungua njiani. LED nyekundu inahitaji voti kama 2, bluu na kijani kama 3, kwa hiyo voti zikishuka bluu na kijani ndizo zinazokufa kwanza. Lisha umeme pande zote mbili za mkanda. Ukumbi mkubwa siku nyingine anza na 24V, mkondo unakuwa nusu.

#32 Waya Mwekundu
Na usisahau fyuzi. Ampia 24 za voti 12 hazikurushi ukigusa lakini zinachoma nyumba kwenye kiungio kilicholegea.

#33 Mkwaju
Nimerudi. Nilifanya jaribio la Mzee: globu ya 60 ikaingia, kelele ya dima ikapungua sana, kucheza kukapungua lakini hakukuisha. Kwenye nusu ni afadhali, chini ya hapo bado. Mgongoni mwa dima kumeandikwa 60–600W. Kisha nikabadilisha draiva za taa nne kwa zile zinazokubali trayaki, 300mA. Hizo nne sasa zinashuka vizuri. Nne za zamani zinacheza.

#34 Injinia wa Pembeni
Umeona. Draiva.

#35 Waya Mwekundu
Umeona. Mzigo. Globu ilivyoingia kelele ilikata.

#36 Mtu wa Kihonda
Na inveta? Hilo hakuna aliyelijibu. Taa zake zinacheza kwenye inveta hata dima ikiwa mwisho. Kama tatizo ni draiva tu, kwa nini chanzo cha umeme kikibadilika hali inabadilika?

#37 Stima Safi
Hilo ni swali zuri. Inveta nyingi za bei nafuu hazitoi wimbi la mviringo, zinatoa ngazi: juu, sifuri, chini, sifuri. Dima inahesabu muda kuanzia pale wimbi linapovuka sifuri. Kwenye ngazi, sifuri si nukta, ni uwanda mzima, dima haijui ianzie wapi. Na voti zinaruka mara moja hata kabla dima haijakata chochote. Mkwaju, inveta yako ni ya wimbi safi?

#38 Mkwaju
Sijui mkuu, haijaandikwa. Swali jingine: hizo nne mpya, mbili zinazima mapema kuliko wenzake nikishusha mwisho. Ni zile zile mbili za mwanzo zilizokuwa zinazima. Draiva nimebadilisha, sehemu ni ile ile.

#39 Mtu wa Kihonda
Sehemu ile ile! Angalia waya na viungio vya hizo mbili. Mimi nasema kuna kiungio kimelegea darini.

#40 Injinia wa Pembeni
Au LED za hizo mbili zina voti tofauti kidogo na wenzake. Zibadilishane nafasi, taa na draiva zote. Tatizo likihama na taa, ni taa. Likibaki mahali pale, Kihonda ana haki.

#41 Mzee wa Globu
Kuna jambo dogo pia. Dima nyingi zina kiskrubu cha kupanga mwanga wa chini kabisa. Ukikipandisha kidogo, dima inaishia pale ambapo taa zote nane bado zinawaka.

#42 Mkwaju
Hicho kiskrubu kiko wapi, mzee?

#43 Mzee wa Globu
Ng'oa kitufe cha kuzungushia, kwenye nyingi kiko chini yake au pembeni ya fremu. Zima meini swichi kwanza, usitegemee dima kuzima. Zile za kugusa hasa hazikati umeme kabisa hata taa zikiwa giza. Na kipande cha bisibisi kisiwe cha chuma mpaka mwisho.

#44 Chaupele
Kuna mtu anahitaji rigaleta?